Uchague Vipande Gani vya Piano Ili Mikono Ikomae: Mwongozo Kamili kwa Anayejifunzia Dodoma

Kila mwezi napokea ujumbe ule ule. Mtu amejifunza kinanda mwaka mzima na anapiga ukurasa wa kwanza wa Für Elise ya Beethoven bila kukosea, lakini akipewa wimbo mpya wa Jumapili anakwama mstari wa pili. Anauliza kama tatizo ni mwalimu, kinanda au umri. Mara nyingi si kimojawapo. Tatizo ni kipande alichokichagua, na jinsi alivyokaa nacho peke yake miezi minane.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nkuhungu alikaa mbele ya kinanda changu, akapiga ukurasa ule vizuri kabisa. Nikamwomba apige skeli ya C kwa mkono wa kushoto, oktava moja (nota nane, kutoka C mpaka C inayofuata), polepole. Kidole kidogo kikasimama wima kama antena ya redio. Alipofika nota ya tano, akiwa ameshatumia vidole vyote, akasita: hakujua kidole gani kivuke juu ya gumba. Mkono wake wa kulia una mwaka mzima wa kazi. Wa kushoto una wiki mbili.

Mwongozo huu ni kwa ajili yake na wengine wa aina yake: unasoma nota japo polepole, unafanya mazoezi nyumbani Ipagala, Kisasa au Mpwapwa, na huna mwalimu wa kukutazama kila siku. Unataka mikono inayoweza kupiga chochote kitakachowekwa mbele yako.

## Andaa hivi kwanza

Kinanda chenye vitufe vinavyohisi nguvu ya kidole. Ukiwa dukani, bonyeza kitufe kimoja kwa upole, kisha kwa nguvu. Kama sauti ni ile ile mara zote mbili, kiache hapo hapo. Hakitakufundisha kupiga kwa upole, na nusu ya ufundi wa piano iko hapo. Piano ya vitufe 88 vyenye uzito ndiyo bora, ila usiisubiri. Kinanda cha vitufe 61 kinatosha kwa kuanzia, kwa sababu vinanda vya zama za Bach vilikuwa vifupi kuliko piano ya leo, na vipande vyake vingi vinaenea humo bila shida.

Kiti cha kimo sahihi. Kiwiko kiwe usawa wa vitufe. Kiti cha plastiki ni kifupi kwa watu wengi. Weka mto mgumu au blanketi lililokunjwa.

Nota zilizochapishwa kwenye karatasi. Maktaba ya mtandaoni ya IMSLP ina nota za bure za karibu kila mtunzi wa zamani nitakayemtaja. Pakua, peleka steshenari, toa kopi. Usisomee kwenye simu: nota ni ndogo, na kila ukivuta ukurasa mkono unaacha kazi. Chagua toleo lenye namba za vidole juu ya nota, 1 ikiwa gumba na 5 kidole kidogo.

Metronomu ya simu (programu inayogonga mapigo), penseli yenye ufutio, na daftari. Daftari ni lazima, utaona sababu yake.

Betri, na khanga ya kufunikia kinanda. Umeme ukikatika saa moja jioni na huo ndio muda wako wa mazoezi, betri zinaokoa siku. Khanga ni kwa ajili ya vumbi letu. Upepo wa kiangazi wa Dodoma huingiza vumbi chini ya vitufe mpaka nota moja inaanza kupiga kelele peke yake au kunyamaza kabisa. Nimeona watu wakilaumu vidole vyao kwa kosa la vumbi.

Wenye piano ya mbao wajue kwamba hewa kavu ya kuanzia Mei mpaka Novemba inakausha mbao na kushusha sauti ya nyuzi. Isiwe karibu na dirisha wala kwenye jua.

## Hatua ya 1: Pima mikono kabla ya kuchagua chochote

Watu huchagua kipande kwa sikio: wamekisikia, wamekipenda, wanakitafuta. Kupenda ni jambo jema, lakini sikio halijui mkono wako umepungukiwa nini. Fanya majaribio haya manne, kisha andika matokeo kwenye daftari.

1. Piga skeli ya G kwa mkono wa kushoto, oktava mbili kupanda na kushuka, metronomu ikiwa 60, nota mbili kwa kila pigo.
2. Weka mikono yote kwenye nota tano, C mpaka G. Mkono wa kulia uunganishe nota bila pengo, wa kushoto uzikate fupi fupi. Kisha badilishana.
3. Piga wimbo wowote unaoujua, kulia kwa sauti kubwa na kushoto kwa sauti ndogo. Halafu geuza.
4. Fungua ukurasa usiowahi kuuona, wa kiwango cha chini, usome vipimo vinane bila kusimama. Kipimo ni sehemu iliyo kati ya mstari mmoja wa wima na unaofuata.

Jaribio la pili ndilo linaloumbua wengi. Mkono mmoja ukikata nota, mwingine nao unakata, kama watoto mapacha wanaoigana. Usihuzunike. Umepata jambo la kufanyia kazi.

Utajua umemaliza ukiwa na sentensi mbili au tatu zilizo wazi, kwa mfano: "Kushoto hakuvuki gumba. Mikono haiwezi kufanya mambo mawili tofauti. Nasoma polepole mno." Ukiandika "bado sijawa mzuri", hujapima. Rudia.

## Hatua ya 2: Weka mafiga matatu, usiweke moja

Chungu hakikai juu ya jiwe moja. Wakati wowote uwe na vipande vitatu, kila kimoja kikifundisha kitu ambacho vingine haviwezi:

- Figa la kwanza: kipande ambacho mikono yote miwili inaimba, kila mmoja wimbo wake.
- Figa la pili: zoezi lenye muziki ndani yake, linalojenga wepesi wa vidole.
- Figa la tatu: kipande cha kuimbisha au sonatina fupi, kinachofundisha kutofautisha sauti kubwa na ndogo, kupumua na kutulia.

Für Elise peke yake inakupa sehemu ya figa la tatu tu. Preludi ya Bach ya C, ile yenye vipimo 35 vya kodi zilizovunjwavunjwa (kodi ni nota tatu au zaidi za kwenda pamoja), ni nzuri sana kwa sikio, lakini mikono inafanya jambo moja tangu mwanzo karibu hadi mwisho. Ukimaliza hivyo viwili umepata vipande viwili, na mikono ile ile uliyoanza nayo.

Onyo: usichague vipande vitatu vyenye ugumu mkubwa kwa pamoja. Kimoja kikubane, kimoja kiwe cha kati, kimoja kiwe chepesi kiasi kwamba unakipiga ukiwa umechoka kutoka kazini.

## Hatua ya 3: Jaribio la dakika ishirini

Hatua hii ingeokoa miezi mingi ya watu wanaoniandikia. Kabla ya kukubali kipande, kipe dakika ishirini tu.

Anza na ukurasa wa mwisho. Ndiyo, wa mwisho. Kipande kingi huanza kwa upole kikageuka mbele. Für Elise hiyo hiyo: baada ya ukurasa ule unaojulikana na kila mtu kuna sehemu ya F yenye nota za kasi mno, na mbele zaidi mkono wa kushoto unarudia nota moja ya chini, A, mfululizo kama ngoma. Aliyeangalia mwanzo tu hakuiona.

Tafuta mahali penye wino mzito zaidi, chukua vipimo vinane. Soma mkono wa kulia mara mbili, wa kushoto mara mbili, kisha yote pamoja mara nne kwa mwendo wa kinyonga. Weka alama ya penseli kila unaposimama.

Dakika zikiisha, hesabu alama za mzunguko wa mwisho:

- Hakuna alama tangu mwanzo: kipande ni chepesi, kitumie kwa mazoezi ya kusoma.
- Moja mpaka nne: kinakufaa, kichukue.
- Zaidi ya nne: kiweke kwenye bahasha. Andika tarehe juu yake, urudi baada ya miezi sita.

Angalia pia upana wa mkono. Kama kodi inadai uvute vidole mpaka kiganja kinakakamaa, kipande si chako kwa sasa, hata kama nota zake ni rahisi kusoma. Hili ni muhimu zaidi kwa watoto.

Utajua umechagua vizuri kama ndani ya wiki moja mikono yote inapita kipande chote polepole, na ndani ya wiki tatu au nne unakipiga kwa mwendo wa kawaida. Kipande kinachokula miezi mitatu kimekushinda kimyakimya.

## Hatua ya 4: Figa la kwanza, mikono inayozungumza

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wapiga kinanda wetu wengi wana pengo. Tumezoea kulia kuimba na kushoto kushika kodi. Kushoto kunakuwa kama mtu wa kushikilia ngazi: yupo, lakini hapandi.

Anza na Minueti ya G iliyomo kwenye daftari la Anna Magdalena Bach la mwaka 1725. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni ya Bach, ila mtunzi wake ni Christian Petzold. Tazama kipimo cha kwanza na cha pili. Mkono wa kulia unaanza D, unashuka G, unapanda A, B, C, unafika D, kisha unagonga G mara mbili. Chini yake, kwenye kipimo cha pili, mkono wa kushoto unashika B moja ndefu kipimo kizima.

B hiyo ndiyo somo. Kulia kunaruka kutoka D kwenda G na kugonga mara mbili, na kidole cha kushoto kinatamani kuinuka kiende nacho. Kikiinuka, sauti ya chini inakatika na muziki unakuwa na tundu. Piga vipimo hivyo viwili mara kumi ukiangalia kidole cha kushoto tu, usitazame kulia kabisa. Mtu akiweza kukiacha kidole hicho kimelala kwa utulivu mkono mwingine ukicheza, amejifunza jambo ambalo kurasa hamsini za kodi hazikumfundisha.

Baada yake chukua Minueti ya G ndogo (G minor) iliyo kwenye daftari hilo hilo, kisha preludi ndogo za Bach moja au mbili. Ukikomaa, ingia kwenye Invenshoni zake za sauti mbili, zile 15 alizoziandika vizuri mwaka 1723 kwa ajili ya wanaojifunza. Walimu wengi huanza na ya 1, ya 4, ya 8 au ya 13. Katika ya kwanza mkono wa kulia unasema C, D, E, F, D, E, C, G, na mkono wa kushoto unajibu maneno hayo hayo oktava moja chini kabla mwenzake hajamaliza kusema. Ni kiitikio hasa.

Namna ya kufanya mazoezi: imba sauti moja huku ukipiga nyingine. Wanakwaya mnalo jambo hili tayari. Besi wa kwaya haimbi ili kumbeba soprano tu. Naye ana wimbo wake, ana mahali pake pa kuvuta pumzi. Uchukulie mkono wa kushoto hivyo. Imba besi kwa solfa (do, re, mi), piga sauti ya juu. Siku ya kwanza ni ngumu sana. Siku ya tano inaanza kuchekelea.

Wala ufundi huu si mgeni kwetu. Aliyemtazama kwa karibu mpiga ilimba wa Kigogo ameona vidole gumba viwili vikisema maneno tofauti kwa wakati mmoja, na juu yake mtu anaimba jambo la tatu. Marehemu Hukwe Zawose alifanya hivyo mbele ya dunia nzima. Mikono yetu inaweza. Tatizo ni kwamba kwenye kinanda hatuipi kazi ya namna hiyo.

Maonyo: usitumie pedali (kikanyagio cha kurefusha sauti) kwenye vipande hivi, inaficha vidole visivyoshika nota zao. Vipambo vidogo vilivyochorwa juu ya nota viache mpaka nota zenyewe zikae. Na usikimbie: Invenshoni iliyopigwa kwa kasi ya juu na vidole vilivyokakamaa haijafundisha kitu.

Utajua umefaulu hivi: katikati ya kipande nyanyua mkono wa kulia ghafla. Kama kushoto kunaendelea bila kutetereka wala kuongeza kasi, kipande kimeingia. Kikianguka, ulikuwa unapiga mkono mmoja uliobeba mwingine.

## Hatua ya 5: Figa la pili, wepesi wa vidole

Mtu wa kwanza wa kumfuata hapa ni Friedrich Burgmüller, kitabu chake cha opus 100 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi), chenye vipande 25. Nampenda kwa sababu kila ukurasa una jambo moja la kufundisha na bado ni muziki. Jirani akisikia kupitia dirishani hatadhani unapiga hesabu.

Namba 1 ni ya kuunganisha nota bila pengo. Namba 2, Arabeske, ndiyo maarufu. Kushoto kunagonga kodi, kulia kunazungusha nota fupi tano, A, B, C, B, A, kisha kunatua. Sehemu ya pili kazi inageuka na kushoto kunapewa mzunguko. Hapo ndipo mtu anagundua mkono wake wa kushoto ni mzito kiasi gani. Anza kushoto kwanza, wiki nzima, kabla ya kugusa kulia. Ukifanya kinyume utajenga kipande chenye mguu mmoja.

Anayetaka zaidi achukue Carl Czerny, opus 599. Ana mazoezi 100, kutoka mepesi kabisa kwenda magumu. Usiyapige yote. Rudi kwenye daftari lako la hatua ya 1, tafuta yale yanayogusa udhaifu ulioandika, yapige hayo.

Kuhusu Hanon naulizwa kila mara. Mazoezi yake ya mwanzo yote yako kwenye C, na mikono yote inafanya jambo lile lile kwa pamoja. Yanapasha vidole moto, ndiyo, lakini hayaondoi ugonjwa wa mapacha tulioupima. Dakika tano zinatosha. Nimeona vijana wakimpa saa nzima kila siku na kuja na misuli ya mkono iliyokaza kama kamba ya kisima.

Onyo kubwa: maumivu. Nikiwa na miaka 19 nilikaa miezi 11 na kipande kilichonizidi, nikilazimisha kasi kila jioni. Mkono wa kulia ukaanza kuwaka moto kutoka kifundoni kwenda kwenye kiwiko, nami nikaendelea kwa sababu nilidhani maumivu ni dalili ya kufanya kazi. Nilikaa miezi miwili bila kugusa kinanda. Uchovu wa kawaida huisha ukipumzika dakika chache. Kukiwa na kuchoma, ganzi au kidole kinachogoma, funga kinanda siku hiyo, na ukiendelea kuona dalili hizo nenda hospitali.

Utajua umefaulu ukiweza kupiga zoezi lote kwa sauti ndogo bila nota kupotea. Kasi kwa sauti kubwa inaweza kulazimishwa kwa nguvu ya mkono. Kasi ya upole inatoka kwenye vidole vyenyewe.

## Hatua ya 6: Figa la tatu, kuimbisha

Hapa moyo uchague, lakini ndani ya mipaka. Robert Schumann aliandika albamu ya vijana, opus 68, mwaka 1848, yenye vipande 43. Kile cha mkulima mwenye furaha kina wimbo wote kwenye mkono wa kushoto, huku kulia kunagonga kodi ndogo katikati ya mapigo. Kwa mtu ambaye kushoto kwake kumelala, sijui dawa nzuri zaidi.

Muzio Clementi, opus 36, ana sonatina sita. Ya kwanza inaanza C, E, C, G, G. Yaani do, mi, do, so, so, mwanakwaya yeyote anaiimba papo hapo. Ndani yake utakuta skeli zinazopanda na kushuka, na zamu hii skeli ina sababu ya kuwepo.

Baadaye kabisa, preludi ya Chopin ya E ndogo. Nota zake si nyingi, ila kushoto kunarudia kodi zinazoshuka hatua ndogo ndogo, na zikipigwa kwa uzito zinaufunika wimbo wa juu. Ni mtihani wa jaribio la tatu, lile la sauti kubwa na ndogo.

Vipande vya Dmitri Kabalevsky vya watoto ni vizuri mno kwa nota za kukatwa. Yeye alifariki 1987, hivyo kazi zake bado zina haki za mwenyewe. Nunua kitabu, usitafute kopi.

## Hatua ya 7: Toa mkono kwenye kitufe cha kuhamisha sauti

Wapiga kinanda wa makanisani nisikilizeni hapa. Kitufe kile kinachohamisha sauti kimeharibu mikono mingi mizuri. Mtu anapiga kila kitu kwenye C, wimbo ukiwa wa juu anabonyeza, ukiwa wa chini anabonyeza. Miaka kumi baadaye vidole vyake havijawahi kukaa vizuri kwenye vitufe vyeusi.

Sababu ya kiufundi ni hii. Vitufe vyeusi viko juu na ndani zaidi, na vidole virefu vinakaa juu yake kwa raha kuliko kwenye vyeupe. Kwa hiyo kila ufunguo, yaani skeli ambayo wimbo umejengwa juu yake, unabadilisha umbo la mkono na mahali pa kupitisha gumba. Kwenye F, mkono wa kulia unapiga vidole vinne ndipo gumba livuke, si vitatu kama kwenye C. Mkono usiopita huko haujui.

Fanya hivi: katika daftari chora safu ya funguo, C, G, D, F, na A, E, D ndogo. Kila ukimaliza kipande tia alama. Ukiona vipande vitatu vya C vimefuatana, kinachofuata kisiwe cha C hata ukikipenda namna gani.

Kisha kila wiki ongeza wimbo mmoja wa sauti nne kutoka kitabu cha kanisani kwako, kwenye ufunguo wake ulioandikwa. Kitabu cha solfa kinaonyesha juu ya wimbo do ni ipi. Piga soprano na alto kulia, sauti ya tena (tenor) na besi kushoto, bila pedali, ukiunganisha nota kwa vidole. Ni vigumu kuliko inavyoonekana: mara nyingi utalazimika kubadilisha kidole juu ya kitufe ambacho bado umekishika.

Onyo: usianze hili Jumapili mbele ya waumini. Wiki tatu za kwanza iwe nyumbani.

## Hatua ya 8: Ratiba, na kujua wakati wa kuacha

Dakika 45 kwa siku zinatosha kwa mtu mwenye kazi. Dakika tano za skeli, ukibadilisha ufunguo kila wiki. 15 za figa gumu. Kumi kwa kila moja kati ya hayo mawili mengine. Tano za mwisho kusoma ukurasa mpya usiokusudia kuumaliza. Ukiwa na dakika 20 tu, piga figa gumu na usome. Mengine yasubiri kesho.

Usibadilishe mafiga yote siku moja. Likitoka moja, yabaki mawili, ili mikono isianze upya kwa kila kitu.

Kipande kiache lini? Kikishafundisha ulichokichagulia. Jirekodi kwa simu, sikiliza baada ya siku mbili. Kama unakipiga mara mbili mfululizo bila kusimama na lile jambo la daftarini limetoweka, kitoe, hata kama hakijafika ubora wa kupigwa jukwaani. Ukienda hivi, kipande kimoja wiki tatu au nne kwa kila figa, hata ukichelewa na kuugua na kusafiri, mwaka utaisha umepita vipande 25. Mwenzako aliyeng'ang'ania kimoja atakuwa nacho kimoja.

Ruhusu mlima mmoja kwa mwaka, kipande kikubwa unachokiota, dakika kumi Jumamosi, ukurasa mmoja kwa wakati. Für Elise ikae hapo. Ukiwa umepita Arabeske na Invenshoni mbili, ile sehemu ya F haitakuwa tena ukuta.

Yule kijana wa Nkuhungu tulimpangia hivi kabla hajaondoka. Figa la kwanza Minueti ya Petzold, la pili Burgmüller namba 1, la tatu mkulima wa Schumann. Wimbo wa wiki ni wa F, kwa sababu mkulima naye yuko kwenye F na mikono itakuwa imeshazoea. Für Elise tuliitia kwenye bahasha, tukaandika tarehe. Kazi yake ya wiki ya kwanza ni mkono wa kushoto tu wa vipande vyote vitatu, namba za vidole zikiwa zimeandikwa kwa penseli juu ya kila nota ambayo kidole kinavuka gumba.